Mbuzi Amezaa Mapacha

Loisi aliingia wodini kwa miguu yake mwenyewe, ingawa ilikuwa imevimba kiasi kwamba hata ndala zilikataa kupita. Akaonyeshwa kitanda cha dirishani. Akakitazama, akaweka mfuko wake wa nguo juu ya mto, kisha akamwendea mama wa kitanda cha pili kumuuliza kama amekunywa uji. Debora, binti yake, aliporudi kutoka kuandikisha, alikuta mfuko umelala na mgonjwa amesimama.

"Mama, wewe ndiye uliyelazwa."

"Nimekataa? Huyu mwenzangu hana wa kumshikia kikombe."

"Wauguzi wapo."

"Wauguzi wawili, vitanda vyote hivi. Hebu sogea, uji utapoa."

Debora akasogea. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusogezwa na mama yake: sogea nifagie, sogea nibandike chungu, sogea watu wapite. Safari hii alikuwa ameomba ruhusa ofisini, kule Mtumba kwenye mji wa serikali, akiwa na nia moja, na wala haikuwa kubwa. Alitaka kumwosha mama yake miguu. Alikuwa amenunua beseni jipya na sabuni yenye harufu nzuri. Mama aliyeosha miguu ya nusu ya kijiji hakuwahi kumruhusu mtu yeyote aguse yake, na Debora alikuwa ameapa moyoni kwamba mara hii ataiosha, mama apende asipende.

Aliweka beseni sakafuni, akamimina maji ya uvuguvugu. Loisi alilitazama, akasema asante sana mwanangu, akalichukua, akaenda kumwosha yule mama wa kitanda cha pili.

Tuseme ukweli, mama huyu hakuwa mtu wa kukaa. Kule kijijini kwao, ng'ambo ya mbuga ya Bahi, alipika huku anafagia na alisali huku anachambua mlenda. Mchungaji alishazoea kumwona akinyanyuka katikati ya mahubiri kwenda kutazama moto wa chai, na wala hakumsema, kwa sababu chai yenyewe ilikuwa ya kanisa. Mumewe, Abeli, alikuwa mtu wa kigoda. Alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye alioa upepo, akajenga nyumba ili auzuie, na upepo ukatokea mlangoni. Walipata watoto wengi, wakabaki na wawili, Silvano na Debora. Hao waliotangulia Loisi hakuwataja, ila kila alipoanza kuwakumbuka ungemwona anaokota ufagio.

Kazi iliyompa jina aliianza bila kuombwa na mtu. Wifi yake aliugua msimu wa kupanda, akapelekwa hospitali kubwa ya mjini, na hapakuwa na wa kumsindikiza. Watu wa Ugogo wanaelewa vizuri jambo hili. Mvua ya kwanza ikishanyesha, anayechelewa kupanda amechelewa mwaka mzima, na hakuna anayeacha jembe kwenda kukaa sakafuni pembeni ya kitanda cha mtu, hata awe ndugu. Loisi aliacha jembe shambani, limesimama vile vile, akaondoka na wifi yake. Walirudi wote wawili wazima, akakuta shamba lake limelimwa na kupandwa na majirani. Mistari ilikuwa imepinda vibaya mno. Akawashukuru kwa machozi ya kweli, halafu walipokwenda zao akaanza kuirekebisha.

Tangu hapo ukawa ndio utaratibu. Mtu akizidiwa, Loisi anafunga kitenge na kwenda kuuguza, na waliobaki wanamlimia. Aliuguza waliovunjika miguu, waliopata uzazi mgumu, wazee waliokohoa mpaka mbavu zikaonekana. Wauguzi wa mjini wakamzoea. Walimwita Mama Wodi, na jina likapanda basi likamfuata mpaka kijijini.

Alikuwa na namna yake. Hakumwambia mgonjwa pole. Pole, alisema, ni ya mtu aliyejikwaa. Yeye aliketi, akatoa salamu ya Kigogo, "mbukwa", kama vile wamekutana njiani, na mgonjwa akajibu, kisha akampa habari za kwake. Kuku wako wanataga. Paa lako halijavuja. Mbuzi wako amezaa. Wagonjwa walipenda hiyo ya mbuzi kuliko zote. Mgogo aliyelala kitandani, hata kama hasemi, nusu ya akili yake iko zizini.

Debora alimfahamu mama yake kwa namna ile ya watoto wanaosoma bweni, kwa likizo likizo. Jambo moja tu la siku zile lilikuwa limemganda. Baba yake alikuwa amelazwa, naye akapelekwa kumwona, akasimama miguuni pa kitanda na sare zake za shule. Mama akamwambia baba, "Mbuzi wako amezaa mapacha." Baba alimtazama kitambo, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, Loisi. Vizuri." Debora alifurahi hata akasahau pale ni hospitalini. Alipofika nyumbani alikimbia moja kwa moja zizini, akatafuta, asione kitu. Silvano akamuuliza, mapacha gani? Baba alifariki wiki ile ile, na katika shughuli za msiba, alipomuuliza mama wako wapi wale mapacha, mama alijibu neno moja tu: "Fisi." Mtoto akaamini. Tena alilia zaidi, kwa baba na kwa vile vibuzi pamoja.

Sasa zamu ilikuwa ya Loisi mwenyewe, na hakuijua kabisa kazi ya kuwa mgonjwa. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alimweleza kwamba moyo wake umetanuka.

"Moyo kutanuka si ndiyo vizuri, baba?" aliuliza. "Wa wengi umesinyaa."

Wodi nzima ikacheka. Daktari naye akacheka, kisha akamwita Debora pembeni, kama ilivyo kawaida, akaacha kucheka. Akasema moyo umechoka sana. Dawa zitapunguza uvimbe na kumpa nafuu, lakini za kuurudisha moyo ulivyokuwa hazipo. Apumzike, asile chumvi, na wao kama familia wajiandae. Debora aliitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, huku akili yake imeshika neno moja tu, apumzike. Utampumzishaje mtu huyu? Kwa kamba?

Alijaribu. Alimnyang'anya ufagio. Alimfungua pindo la khanga akakuta fundo la chumvi, akalitupa, na mchana akakuta fundo jingine. Kila alipogeuka, kitanda kilikuwa kitupu na mama yake yuko kwenye kitanda cha mtu mwingine anapangusa, anageuza, anasimulia habari za kuku, huku mwenyewe anahema kwa mdomo na kushika ukuta. Sista Cecilia, muuguzi wa zamu ambaye alianza kazi akiwa msichana na sasa alikuwa na wajukuu, alimgombeza kila siku.

"Mama Wodi, rudi kitandani!"

"Nakuja, sista. Nammalizia huyu."

"Umeniambia hivyo tangu asubuhi."

"Si ndiyo maana nakuja?"

Nje mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Bahi, na hilo ndilo lililomchachafya zaidi. Alisimama dirishani akiyatazama. Watapanda bila mimi, alisema. Watapinda mistari. Alitembea kutoka dirishani kwenda mlangoni, kutoka mlangoni kurudi dirishani, na Debora nyuma yake na lile beseni, anamwaga maji yaliyopoa, analeta mengine. Alichoka mpaka akawa anamchukia kidogo, kisha anajichukia mwenyewe. Usiniulize ni kipi kilimuumiza zaidi, maana hata yeye hakujua.

Ndipo Silvano alipotuma picha kwenye simu. Yule mbuzi wa mama, mweupe mwenye doa shingoni, alikuwa amesimama uani, na chini ya tumbo lake vibuzi viwili vinanyonya, kila kimoja upande wake. Mbuzi wao wa kule, kwenye mwaka wenye majani haba, huzaa mmoja na kushukuru. Debora alitabasamu peke yake kwenye korido. Akaona, hatimaye, nimepata dawa. Akaingia haraka, simu mfukoni, akamkuta mama yake ameshika ukuta akivuta pumzi.

"Mama! Mbuzi wako amezaa mapacha!"

Loisi aliuachia ukuta. Alimtazama binti yake usoni, akamtazama sana, kana kwamba anahakikisha ni nani aliyesema. Chumba kizima kilionekana kama kimesogea mbali naye.

"Amezaa mapacha," akarudia polepole.

"Ndiyo mama! Wawili!"

"Haya, Debora. Vizuri."

Akaenda kitandani kwake. Akauondoa mfuko wa nguo, akaketi, akanyoosha miguu, akasema, "Lete maji yako."

Debora aliiosha ile miguu akiwa amepiga magoti. Ilikuwa mizito, ngozi inang'aa kwa uvimbe, na nyayo zimepasuka mistari ya miaka mingi ya udongo mwekundu. Aliisugua taratibu kidole kwa kidole, akalia kwa furaha bila kujificha, na mama yake akamwekea mkono kichwani. Kutoka hapo Loisi akawa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Alilala alipoambiwa alale. Alikunywa uji usio na chumvi. Kitenge chake kizuri, kile cha sikukuu, alimpa mama wa kitanda cha pili. Alimshukuru Sista Cecilia kwa maneno marefu, akamwomba radhi kwa miaka yote ya kumsumbua. Debora aliwapigia simu watu wote: mama ametulia, mama anaendelea vizuri.

Angelina alikuja na basi la asubuhi. Huyu alikuwa rafiki wa Loisi tangu usichana wao, wamelima pamoja, wamebatizwa siku moja, na Debora alimwita mama mdogo. Alikuja na mlenda mkavu uliofungwa kwenye kitambaa, akasimama mlangoni mwa wodi, akaona kitanda cha dirishani, akarudi nyuma.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Debora, huyu amelala?"

"Amelala. Tunamshukuru Mungu."

"Loisi? Amelala mchana?" Angelina alimshika mkono, akamvuta mpaka kwenye korido. "Nani amemwambia nini?"

"Hakuna mtu. Mimi nilimpa habari njema tu. Nilimwambia mbuzi wake amezaa mapacha."

Angelina aliketi kwenye benchi. Alikaa na lile fumba la mlenda mapajani, analifungua na kulifunga, na Debora akasimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono.

"Mama yako," alisema mwisho, "hakuwa na roho ya kumwambia mtu unakufa. Na hakuwa na roho ya kumwacha mtu afe hajijui. Daktari anakuita pembeni, sivyo? Basi na yeye walimwita pembeni, miaka yote hiyo. Anarudi kitandani na lile neno, atalifanyaje? Mtu wa kupona alimwambia mbuzi wako amezaa. Mtu wa kutopona alimwambia amezaa mapacha. Hakufundisha mtu. Ilijulikana tu, kwetu sisi wakubwa. Mtu akiambiwa mapacha, anaomba aitiwe mwanawe mkubwa."

Debora aliwaona wale mapacha waliokosekana zizini, na sare zake za shule, na baba yake anayetikisa kichwa. Fisi! Mtu mzima, amesoma, ana dawati lake serikalini, na mpaka asubuhi ile alikuwa bado anavililia vibuzi ambavyo havikuwahi kuzaliwa.

"Lakini ni kweli," alisema. "Mama mdogo, ni kweli, wamezaliwa, Silvano katuma picha."

"Kweli kweli?"

Akamwonyesha. Angelina aliitazama ile simu, akaziba mdomo kwa pindo la khanga, mabega yakaanza kumtikisika, na haikujulikana mara moja kama anacheka au analia.

Debora alizunguka ile korido kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akienda kumwambia, mama atanyanyuka, ataanza tena ukuta, ufagio, fundo la chumvi, na miguu ataificha. Asipomwambia, atabaki vile vile, mtulivu, wa kuoshwa, wake peke yake. Na tena, si daktari alisema? Neno halikuwa uongo kabisa. Lilikuwa limetangulia tu. Alifika mlangoni akarudi, akafika akarudi. Kisha akamwona mama yake kwa upenyo wa pazia, amelala chali, macho wazi, anatazama dari, mikono imelala kifuani haina kazi. Mikono ile hakuwahi kuiona haina kazi. Akaingia mbio mbio, kabla hajapata nafasi ya kubadili nia.

"Mama, tazama. Ni kweli wamezaliwa. Siyo wale mapacha wako. Ni mbuzi, mbuzi kabisa."

Loisi aliishika simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu ni wa doa?"

"Ndiye."

"Na hawa wote wake?"

"Wake, mama. Nisamehe. Sikujua."

Loisi aliitazama tena ile picha. Halafu kikatoka kicheko, cha chini kwanza, kikapanda, kikageuka kikohozi, kikarudi tena kicheko, na Sista Cecilia akaja anakimbia.

"Yaani nimelala hapa nakufa bure!" alisema Loisi akijifuta machozi. "Uji chapwa nimekunywa! Debora, mwanangu, hebu nenda kamwambie mwenzangu pale anirudishie kitenge changu."

Akashusha miguu sakafuni, akaanza kutafuta ndala.

Uvimbe ulipopungua waliruhusiwa, wakarudi kijijini wakati mvua ya kwanza imeshanyesha. Debora alikuwa akija kila mwisho wa juma, bodaboda ikimtoa barabarani mpaka uani. Hakumkuta mama yake amekaa hata siku moja. Alimkuta shambani anawaelekeza watu wanyooshe mistari, kanisani anabishana juu ya sukari, kwa jirani anamkanda mzazi. Kila alipokuja alileta beseni, na kila alipolileta liliazimwa kwa kazi nyingine. Uwele ulipoanza kutoa masuke na ndege wakashuka, nguvu zilikuwa zimekwisha, lakini aliomba atandikiwe mkeka kando ya shamba na kupewa debe. Alilipiga siku nzima, akihema, akiwatukana ndege kwa Kigogo.

Kisha asubuhi moja debe halikusikika. Silvano akapiga simu mjini, na Debora akafika kabla jua halijawa kali. Mama alikuwa ndani kwenye godoro, ameegemezwa mito ili apate pumzi, Angelina pembeni yake. Vidole vyake vilikuwa vinachezeachezea shuka, vinatafuta cha kufanya. Alijaribu kuinuka alipomwona binti yake, akashindwa, akajaribu tena.

"Mbukwa, mama," alisema Debora.

"Mbukwa." Pumzi, kisha pumzi nyingine. "Umepita zizini? Mbuzi wanaendeleaje?"

Debora alijua anaulizwa nini. Alimtazama Angelina, na Angelina akatazama chini. Alikuwa amelifikiria neno hili miezi mingi, kwenye dawati, kwenye bodaboda, kitandani kwake mjini, na sasa lilipofika hakuwa na mbuzi tayari. Wa doa alikuwa bado analea wale mapacha wake. Wengine walishazaa wote. Akashika wa kwanza aliyemjia kichwani.

"Yule mweusi amezaa, mama," alisema. "Amezaa mapacha."

Vidole vikaacha shuka. Loisi alimtazama, na kwenye pembe za macho yake kikapita kitu kama kile kicheko cha wodini.

"Mweusi ni beberu, Debora."

"Najua, mama."

"Haya," alisema Loisi. "Vizuri." Akanyoosha miguu, akamsubiri alete maji.